Dawa kwenye maji, chanjo au usafi wa banda: kipi kinamfaa nani katika kuwakinga kuku na bakteria Unguja na Pemba

Mwenye kuku 200 wa mayai kule Mwera na mwenye kuku 300 wa nyama hapo Fuoni wakiingia duka moja la dawa za mifugo na kusema "nipatie cha kuwakinga", aghalabu hutoka na pakiti ile ile: unga wa manjano wa oksitetrasaiklini uliochanganywa na vitamini, kijiko kwa ndoo ya maji. Muuzaji hana nia mbaya. Pakiti ni rahisi, haitaki friji, na mteja huondoka ameridhika. Lakini kuku wa Fuoni ana wiki tano au sita tu za kuishi, na wa Mwera atakaa bandani mwaka na nusu. Maradhi yanayowavizia si mamoja, na shilingi iliyowekwa kwenye kinga haiwalipi sawasawa.

Kabla ya kulinganisha, tuyatoe kando yasiyohusika. Kideri (wengine huita mdondo), gumboro na ndui ni maradhi ya virusi. Kuhara damu kunaletwa na vijidudu vya koksidia. Hakuna antibiotiki inayozuia kideri, na pesa nyingi za wafugaji wetu zimemwagika hapo. Maradhi ya bakteria ndiyo haya: homa ya matumbo ya kuku, kuhara kweupe kwa vifaranga, kipindupindu cha kuku, mafua makali yenye kuvimba uso na kutoa harufu, mikoplazma inayokoroma kifuani, na E. koli ambayo mara nyingi hungojea mwenzake afungue mlango ndipo na yeye aingie.

Njia zinazotumika kuyazuia ni nne. Jedwali hili ni la kuangalia kwa haraka. Maneno yenyewe yako chini yake.

| | Dawa kwenye maji | Chanjo ya bakteria | Usafi na ulinzi wa banda | Siki, karafuu, bakteria rafiki |
|---|---|---|---|---|
| Inazuia nini | Bakteria wasio sugu, kwa siku inazotumika tu | Ugonjwa mmoja kwa kila chanjo | Karibu yote, hata ya virusi kwa kiasi | Inasaidia utumbo. Haisimami peke yake |
| Pesa inakwenda wapi | Kidogo kidogo, kila wiki, bila mwisho | Kwa mkupuo, mara mbili au zaidi | Nyingi mwanzoni, kisha ni nguvu za mikono | Kidogo |
| Inataka nini | Kipimo sahihi na siku za kusubiri | Baridi ya nyuzi 2 hadi 8, sindano, mkono uliozoea | Nidhamu ya kila siku | Uangalifu wa kipimo |
| Kikwazo cha visiwani | Maji ya chokaa | Umeme na safari ya bahari | Masika, kunguru, maji ya munyu | Hakuna kipimo kilichothibitishwa kwa vya nyumbani |
| Inamfaa nani | Kundi lililokwisha kuugua na kupimwa | Kuku wa mayai na wazazi | Kila mfugaji | Mwenye usafi tayari |

Dawa kwenye maji

Nianze na inayopendwa. Hoja ya wanaoitumia si ya kupuuza. Kifaranga aliyevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, kisha akapakiwa gari ya shamba, hufika amechoka, ana kiu, na pengine kitovu hakijafunga vyema. E. koli huingilia hapo, na siku tatu nne za mwanzo ndizo za vifo. Kama kundi limeshaambukizwa, antibiotiki itapunguza hasara. Hilo ni kweli.

Lakini kwanza tuitazame dawa yenyewe na maji inayotiwa. Oksitetrasaiklini hushikana na kalsiamu na magnesiamu, na ikishashikana haipenyi ukuta wa utumbo. Hutoka na kinyesi kama ilivyoingia. Visima vya Unguja, hasa upande wa Makunduchi, Jambiani na Paje, vimechimbwa katika mawe ya chokaa. Anayetaka ushahidi atazame ule ukoko mweupe ndani ya birika lake la chai. Ongeza kwamba chakula cha kuku anayetaga kina kalsiamu ya karibu asilimia 3.5 hadi 4 ili ganda liwe gumu. Kwa hiyo kuku wa mayai anayekunywa maji ya kisima cha mawe huipata dawa hiyo pungufu mara mbili: kwa maji na kwa chakula. Enrofloksasini, antibiotiki nyingine, nayo ina tabia hiyo ya kushikana na madini. Mfugaji ameweka kijiko sawa na kilivyoandikwa, ila kilichofika kwenye damu ya kuku ni kipimo kidogo, na kipimo kidogo ndicho kinachowafundisha bakteria kuizoea dawa.

Pili, kuku mgonjwa hanywi. Wanaokunywa sana ni wazima, na dawa huwaendea wao. Yule aliyejikunyata pembeni, ambaye ndiye anayeihitaji, hupata matone.

Tatu, utumbo wa kifaranga hauko mtupu, au tuseme haupaswi kuwa mtupu. Wale bakteria wema wanaojijenga wiki ya kwanza ndio wanaomnyima salmonela, bakteria wa homa ya matumbo na kuhara kweupe, nafasi. Ukiwafagia kwa antibiotiki tangu siku ya kwanza, umeacha nyumba wazi.

Tena ziko siku za kusubiri. Kila dawa ina idadi yake, imeandikwa kwenye karatasi yake, na mayai au nyama ya siku hizo hailiwi wala haiuzwi. Tuhesabu. Kuku 200 wanaotaga kwa asilimia 80 hutoa mayai 160 kwa siku. Ikiwa dawa inataka siku 7 za kusubiri, ni mayai 1,120, yaani trei 37 na ushei, bila kuhesabu siku za matibabu yenyewe. Gharama hiyo haikuandikwa kwenye bei ya pakiti. Nina hakika wengi hawaihesabu kwa sababu hawasubiri. Mayai yanakwenda dukani vile vile, na anayeyala ni mtoto wa jirani. Zipo pia dawa zisizofaa kabisa kwa kuku anayetaga. Muulize muuzaji, na kama hajui, usinunue.

Somo la hatari ya dawa za mazoea halikutoka kwa kuku peke yao. Kwa sehemu kubwa limetoka kwenye mabanda ya nguruwe, mnyama ambaye kwetu hafugwi ila kwa nadra sana, kwa sababu zinazojulikana. Sweden ilikataza antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986. Denmark, nchi yenye nguruwe wengi kuliko watu, ikaziacha hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 2000 hazikuwa zikitiwa tena kwenye chakula cha nguruwe. Haikuwa mteremko. Watoto wa nguruwe waliotoka kuachishwa walihara zaidi mwanzoni, na dawa za tiba zikaongezeka kwa muda. Wafugaji wakalazimika kuchelewa kuwaachisha, kubadilisha chakula, kuosha mabanda na kuyaacha yakauke kabla ya kuingiza kundi jipya. Umoja wa Ulaya wote ulifuata mwaka 2006, na tangu tarehe 28 Januari 2022 hata kuyapa makundi mazima dawa kwa mazoea, eti kwa kinga, hakuruhusiwi huko.

Lingine lilitoka China. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kupata kwenye bakteria wa nguruwe kinasaba kinachoitwa mcr-1, kinachowapa usugu dhidi ya kolistini, na kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Kolistini ni miongoni mwa dawa ambazo madaktari wa binadamu huziweka akiba kwa mgonjwa ambaye nyingine zote zimemshinda. Mwaka 2017 China ikaiondoa kwenye chakula cha kukuzia mifugo, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likashauri wafugaji waache kuwapa wanyama wasio wagonjwa antibiotiki za kukuzia na za kinga. Kolistini hiyo hiyo imo katika baadhi ya dawa za mchanganyiko za kuku. Soma pakiti yako. Marekani nayo iliiondoa enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005, baada ya bakteria wa kuharisha binadamu kuanza kuizoea.

Sitaji haya ili kumtisha mtu. Nayataja kwa sababu mtu yule yule anayewapa kuku unga wa manjano akiumwa tumbo hununua vidonge vya rangi mbili, na dawa hizo mbili ni za jamii moja.

Basi dawa haina kazi? Inayo, tena kubwa: ni tiba. Kundi limeugua, daktari wa mifugo amepasua kuku aliyekufa au amepeleka sampuli, amejua ni bakteria gani na dawa gani inawaweza. Hapo ipe kwa kipimo kamili na siku kamili, ukitumia maji ya mvua yaliyokingwa kama ya kisima chako ni ya chokaa.

Usafi na ulinzi wa banda

Neno "usafi" limechosha watu, kwa kuwa huishia kwenye kufagia. Fedha na nguvu ziende mahali pachache panapoleta tofauti.

*Maji.* Hapa ndipo ningeweka shilingi ya kwanza. Chombo cha maji kilicho wazi hupokea kinyesi, maranda na mate ya kuku mwenye mafua, na katika joto letu ute huota pembeni kwa siku moja. Sugua kila siku, siyo kumwaga na kujaza. Klorini ni rahisi kuliko dawa yoyote: kama dawa ya kufulia nguo nyeupe uliyonayo ina klorini ya asilimia 3.5 na haina manukato, mililita 1 kwa lita 10 za maji safi inatosha. Ikiwa maji yenyewe yana uchafu, klorini huishia kwenye uchafu, kwa hiyo chuja na uache yatue kwanza. Siku ya kutoa chanjo ya kideri au gumboro kwa maji, klorini isimame tangu siku moja au mbili kabla, na maji yatiwe gramu 2 hadi 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, la sivyo utaiua chanjo yako mwenyewe.

Wanaoishi kandokando ya bahari wana shida ya ziada, maji ya munyu. Kuku akinywa maji yenye chumvi hunywa zaidi na kinyesi huwa maji. Banda linalowa, na mwenyewe anadhani ni ugonjwa. Kama maji yanakukolea ulimini, usiwape vifaranga; kinga ya mvua au nunua.

*Maranda.* Amonia inayokuchoma macho ukiinama bandani asubuhi imeshababua njia ya hewa ya kuku, maana yeye anaishi pale chini na wewe unapita. Vile vinyweleo vinavyosukuma vumbi nje vikiungua, E. koli hushuka kwenye mapafu bila kizuizi. Chukua maranda kiganjani, kamata kwa nguvu, kisha fungua mkono: yakibaki donge ni mabichi, yakimwagika yote ni sawa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo miezi ya kuharibikiwa. Mvua huja na upepo, ukuta wa waya hauzuii kitu, na turubai likishushwa kutwa hewa inakwama. Dawa yake ni paa lenye ukingo mrefu, turubai linalofungwa kutoka chini kwenda juu ili hewa ipite darini, na kuyageuza maranda kila siku mbili tatu. Makapi ya mpunga hufaa pale randa inapoadimika. Kuku wa nyama wasizidi 10 kwa mita mraba, na mimi ningeishia 8 miezi ya kaskazi, joto linapokaba.

Baada ya kuuza kundi, toa kila kitu nje, osha kwa sabuni kwanza maana hakuna dawa inayoua bakteria chini ya tabaka la kinyesi, acha pakauke, kisha paka chokaa. Hapa tuna bahati: chokaa ya kuchomwa tunayo visiwani tangu enzi za kujenga Mji Mkongwe. Vaa glovu na ufunike macho, inaunguza. Acha banda tupu kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo huwauma wafugaji kuliko kitu chochote, maana banda tupu haliingizi kitu, lakini hazina mbadala. Na kundi liingie pamoja litoke pamoja. Anayeongeza vifaranga 50 kila mwezi juu ya wakubwa waliopo anapika maradhi kwenye chungu kisichotoka jikoni.

*Wageni.* Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuwarudisha. Kunguru anatoka jaani, anachota mzoga wa kuku uliotupwa na jirani, anatua kwenye beseni lako la chakula. Waya uwe wa matundu madogo, chakula kisiwekwe nje, na kuku aliyekufa azikwe kwenye shimo refu au achomwe, asitupwe kichakani wala baharini. Panya nao hubeba salmonela, na utitiri unaojificha kwenye nyufa za mbao mchana na kunyonya usiku unaweza kuhamisha homa ya matumbo. Hukaa miezi kadhaa bila kula, ndiyo maana banda la mbao tupu bado lina wenyewe.

Kuna mgeni mwingine asiyetiliwa shaka: trei ya mayai. Trei za karatasi hutoka dukani, huenda shamba moja, hurudi dukani, huja kwako zikiwa na ganda lililovunjika na kinyesi cha kuku wa watu wengine. Trei za plastiki huoshwa. Kama ni za karatasi, zisivuke mlango wa banda. Na dagaa: walioanikwa chini mchangani, wakapitiwa na paka na ndege, ni njia nyepesi ya salmonela kuingia kwenye chakula unachochanganya mwenyewe. Tafuta walioanikwa kwenye vichanja, wakavu hasa.

Beseni la dawa la kukanyagia mlangoni ndilo linalopigwa picha zaidi na kusaidia kidogo zaidi. Likishaingia tope dawa imekufa. Jozi ya makobazi ya plastiki au mabuti yanayokaa ndani ya banda, ambayo mtu hatoki nayo, yanalishinda kwa mbali.

Wanaosema ulinzi wa namna hii hauwezekani visiwani wakumbuke mbung'o. Kwa miaka mingi ng'ombe wa Unguja walidungwa sindano za nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, wakapona, wakaugua tena. Kati ya 1994 na 1997 mbung'o madume waliotasishwa, yaani wasioweza kuzalisha, wakamwagwa kutoka kwenye ndege angani, mpaka jamii ile ikafutika kisiwani. Ni vijidudu vya aina nyingine, najua, lakini aliyezuiwa mlangoni hakurudi.

Chanjo

Chanjo ya bakteria ilizaliwa kwa kuku. Louis Pasteur alikuwa akifanya kazi na kipindupindu cha kuku, kati ya 1879 na 1880, alipoona kwamba vijidudu vilivyodhoofishwa humkinga kuku badala ya kumuua. Tangu hapo zimekuja nyingi, ila mfugaji wa Unguja na Pemba atakutana hasa na tatu.

Ya homa ya matumbo, inayoitwa 9R, ndiyo inayostahili mjadala. Ni bakteria hai aliyedhoofishwa, imekuwapo tangu miaka ya 1950. Hudungwa chini ya ngozi kuanzia wiki ya 6 hivi, na kurudiwa kabla ya kutaga. Kuku wa mayai wa kahawia, ambao ndio wengi mabandani mwetu, huathirika na homa hii kuliko Leghorn weupe, na huwakuta wakubwa, mfugaji ameshawalisha miezi mitano bila kuona yai. Aliyepona hubaki na vijidudu na kuvitoa kwenye kinyesi na kwenye yai, na dawa haimsafishi. Hapo ndipo chanjo inapoipita dawa wazi wazi. Haizuii maambukizi yote, hupunguza vifo, na banda chafu huishinda.

Sasa angalia mgongano ambao wauzaji wengi hawausemi. Kwa kuwa 9R ni bakteria hai, antibiotiki humuua. Mfugaji anayetia unga wa manjano kila wiki kisha akadunga 9R amedunga maji. Ni lazima uchague moja, au dawa isimame siku kadhaa kabla na baada ya sindano, kama karatasi ya chanjo inavyoagiza.

Chanjo za kipindupindu na za mafua makali ni za bakteria waliouawa, kwa hiyo hazina mgongano huo, lakini hutaka sindano mbili na hufaa tu kama ugonjwa huo uko kwako au kwa majirani. Ya mafua isipolingana na aina ya bakteria waliopo, haikingi. Usiinunue kwa kuwa mwenzako kanunua.

Tatizo la visiwani ni baridi. Chanjo hizi zinavuka bahari kabla hazijafika, na za Pemba aghalabu zimevuka mara mbili. Zinataka nyuzi 2 hadi 8 njia nzima. Waliokuwa Unguja Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa friji isiyo na umeme ina thamani gani. Nunua siku unayodunga, beba kwenye kasha lenye barafu, na umuulize muuzaji anafanya nini umeme ukizimika. Jibu lake litakuambia ununue au uondoke. Tena chupa moja ina mamia ya dozi na ikishachanganywa haihifadhiki. Mwenye kuku 60 akinunua peke yake anatupa nyingi kuliko anazotumia. Wafugaji wanne watano wa shehia moja wakipanga siku moja, bei inagawika. Ila mdungaji abadilishe sindano na aoshe mikono kati ya banda na banda, vinginevyo yeye ndiye atakayesambaza.

Siki, karafuu na bakteria rafiki

Sitakaa sana hapa. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, na eujenoli huua bakteria kwenye maabara. Kiwanda cha makonyo cha Wawi kinayakamua Pemba penyewe. Lakini maabara si utumbo wa kuku, na kipimo cha kumwaga kwenye ndoo ya nyumbani hakijawekwa. Yakizidi, kuku hakubali maji, na asiyekunywa hali chakula. Mwarobaini na kitunguu saumu viko hapo hapo: havina ubaya mkubwa kwa kiasi kidogo, havitoshi mtu kuvitegemea.

Siki hupunguza ukali wa maji ya chokaa na kuwachosha salmonela, ila maji yetu magumu huimeza nyingi kabla hujaona tofauti, na vyombo vya bati hushika kutu. Usiichanganye na klorini hata kidogo: hutoa hewa ya sumu. Chagua moja.

Bakteria rafiki wana msingi imara zaidi. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Finland, Nurmi na Rantala, walionesha kwamba vifaranga waliopewa vijidudu vya utumbo wa kuku wakubwa wazima waliizuia salmonela. Za dukani, zilizo hai na hazijapitwa na tarehe, zinafaa siku za mwanzo, hasa baada ya tiba ya antibiotiki. Usijaribu kuwapa vifaranga kinyesi cha kuku wako. Hujui kina nini kingine.

Basi uchague nini

Mwenye kuku wa nyama, wa wiki tano au sita: 9R iache, kuku atachinjwa kabla hujaanza kufaidi. Pesa yote iende kwenye kifaranga bora, joto la kutosha wiki ya kwanza (nyuzi 32 hadi 34 usawa wa mgongo wa kifaranga), maji yenye klorini na maranda makavu. Nunua kwa mtotoleshaji anayeweza kukuonesha kwamba kuku wazazi wamepimwa kuhara kweupe, maana ugonjwa ule hutoka ndani ya yai. Akikwepa swali, tafuta mwingine. Vifaranga wakifika, wape kwanza maji safi yenye glukosi. Unga wa manjano ubaki dukani.

Mwenye kuku wa mayai: usafi ule ule, pamoja na 9R mara mbili kabla ya kutaga. Kama ni lazima ukate kitu, kata vitamini za mazoea na unga wa manjano, usikate chanjo. Kama kuna banda jirani lenye kipindupindu, ongeza na chanjo yake. Akiba ya tiba iwepo, yaani fedha, siyo pakiti iliyofunguliwa kabatini.

Mwenye kuku wa kienyeji kumi au ishirini, wa Konde au Mtambile, wanaozurura mchana na kulala jikoni: usianze na bakteria. Kinachowamaliza ni kideri, na chanjo ya tone la jicho aina ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingine na hurudiwa kila miezi mitatu, itakuokolea wengi kuliko mengine yote niliyoandika. Ukishaizoea hiyo, wajengee kibanda kilichoinuliwa juu ya ardhi cha kulala usiku, kinachofagilika, na chombo cha maji chenye kivuli.

Na kwa wote, kuku wakianza kufa wawili watatu kwa siku, usikimbilie dukani. Chukua aliyekufa muda si mrefu, mtie mifuko miwili ya plastiki, mweke kwenye kasha la barafu bila kumgandisha, umfikishe kwa daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyo hiyo. Aliyekaa juani hadi alasiri ameshaoza ndani na hasomeki.